Kaunta buku, kurasa mbili: njia ipi kwa integrali ipi ya sin, cos, tan na vinyume vyake

Jumamosi iliyopita barazani kwangu Sinza nusura watu wavunjiane heshima kwa sababu ya alama ya kutoa. Nilikuwa nimeandika ubaoni swali dogo la kuchangamsha bongo kabla ya chai:

∫ dx/√(1 − x²)

Binti mmoja wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) akamaliza upesi: arcsin x + C. Kijana wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) aliyekaa naye benchi moja akawa na −arccos x + C.

"Umekosea wewe, hiyo hasi umeitoa wapi?"

"Kwenye hesabu. Kwani wewe yako umeificha wapi?"

Wakanigeukia wote wawili. "Mwalimu, nani kapata?"

Wamepata wote. Binti aliweka x = sin θ, kijana akaweka x = cos θ, na kila mmoja akafuata njia yake hadi mwisho bila kosa. Chukua x = 0.5: arcsin inatoa nyuzi 30, −arccos inatoa nyuzi −60. Tofauti ni 90. Chukua x = 0: ya kwanza 0, ya pili −90. Tofauti ni 90 tena. Arcsin x ukijumlisha na arccos x unapata π/2 siku zote, kwa hiyo majibu hayo mawili yanapishana kwa namba isiyobadilika, na namba ya namna hiyo C, ile namba yoyote isiyobadilika tunayoiongeza mwishoni mwa integrali, huimeza bila hata kucheua.

Ugomvi wa aina hii ndio ulionifanya nianze kuwadai wanafunzi wangu kitu ambacho mimi nikiwa kidato cha sita sikukifanya. Nunua kaunta buku, ya kwaya mbili inatosha. Ifungue. Ukurasa wa kushoto fanya swali kwa njia moja, wa kulia fanya swali hilohilo kwa njia nyingine. Chini kabisa andika mstari mmoja: siku ya pepa ungechagua ipi, na kwa nini. Watu wengi hujifunza njia moja baada ya nyingine, wiki hii kubadili kigeu, wiki ijayo kwa vipande, na kila zoezi linakuja na jina la njia limeandikwa juu yake. Kwenye mtihani jina hilo halipo. Unapewa integrali tupu, na kazi kubwa ni kuamua uanzie wapi.

Yafuatayo ni mapambano niliyoyatoa kwenye kaunta buku hilo. Kabla hatujaingia, neno moja la darasani kwangu: fanksheni ukiidiferenshieti, unachopata nakiita mtoto wake. Cos x ni mtoto wa sin x, sec²x (sec ni 1/cos) ni mtoto wa tan x, 1/(1 + x²) ni mtoto wa arctan x. Wanafunzi wanacheka, lakini hawasahau.

Mtoto yuko nje, au uingize pembe?

Tazama hizi mbili, zinafanana kama mapacha:

∫ x√(9 − x²) dx  na  ∫ √(9 − x²) dx

Mwanafunzi aliyetoka kufundishwa kuingiza pembe akiona √(9 − x²) tu, mkono unaandika x = 3 sin θ wenyewe. Kwa ile ya kwanza hilo ni kosa la uchaguzi, ingawa si kosa la hesabu. Ukurasa wa kushoto, kwa pembe: dx = 3 cos θ dθ, kipeuo kinakuwa 3 cos θ, unapata 27 ∫ sin θ cos²θ dθ, ambayo ni −9 cos³θ, halafu unachora pembetatu mraba yenye mshazari 3 na upande x ili kurudi kwenye x, cos θ = √(9 − x²)/3, unapanga, unafuta, unafika. Ukurasa wa kulia: ndani ya kipeuo kuna 9 − x², mtoto wake ni −2x, na x tayari amekaa nje. Weka u = 9 − x², inabaki −½ ∫ √u du. Jibu:

−⅓ (9 − x²)^(3/2) + C

Kulia mistari mitatu, kushoto tisa, na katika mistari tisa nafasi za kupoteza alama ni nyingi. Kwa hiyo kabla ya kuandika θ yoyote, angalia kama mtoto wa aliye ndani anaonekana nje. Akionekana, usihangaike na pembe.

Ile ya pili haina mtoto nje. Hapo pembe ndiyo mwenyewe: x = 3 sin θ inakupa 9 ∫ cos²θ dθ, unatumia cos²θ = ½(1 + cos 2θ), unarudi na

(9/2) arcsin(x/3) + ½ x√(9 − x²) + C

Lakini kama swali limekuja na mipaka, toka 0 hadi 3, kuna njia ya tatu ambayo kaunta buku halina hata ukurasa wake. y = √(9 − x²) ni nusu ya juu ya duara lenye nusukipenyo 3. Toka 0 hadi 3 ni robo ya duara. Eneo ni 9π/4, na umemaliza ukiwa bado hujafungua mfuniko wa kalamu. Nimewahi kumwona kijana akijaza ukurasa mzima kutafuta robo ya duara. Jibu alilipata, ila swali lililofuata hakuligusa, muda ulikuwa umekwisha.

Vipeo vya sin na cos

Hapa sina maneno mengi. Kukiwa na kipeo witiri, mega mmoja: sin³x = sin x (1 − cos²x), na sin x aliyemegwa ni mtoto wa cos x akiwa na alama ya kutoa. Inatoka −cos x + ⅓ cos³x + C. Vipeo vyote vikiwa shufwa, tumia pembe maradufu, hakuna njia ya mkato ya maana. Kuna wanaokariri fomula za kushusha kipeo kidogokidogo. Zinasaidia ukikutana na sin⁸x, na sin⁸x ni mgeni wa mara chache.

Ila jihadhari na ∫ sin x cos x dx. Mmoja ataleta ½ sin²x, mwingine −½ cos²x, wa tatu −¼ cos 2x. Ni ugomvi uleule wa barazani, na dawa yake ni ileile: toa jibu moja kwenye jingine, uone kama kinachobaki ni namba tupu.

√(x² + 9): tan au sinh?

Hapa ndipo ulinganisho unaponoga, kwa sababu njia zote mbili ni halali, zote zinafundishwa, na tofauti yake ni kubwa.

Anza na ∫ dx/√(x² + 9).

Kushoto, x = 3 tan θ. Kipeuo kinageuka 3 sec θ, dx = 3 sec²θ dθ, inabaki ∫ sec θ dθ. Kama unaikumbuka hiyo, unaandika ln|sec θ + tan θ|, unarudisha kwa pembetatu, unapata ln(x + √(x² + 9)) + C, ile −ln 3 ikiwa imekwenda kujificha kwa C. Kama huikumbuki, umekwama katikati ya daraja.

Kulia, x = 3 sinh u (sinh u ni (eᵘ − e⁻ᵘ)/2, na mwenzake cosh u ni (eᵘ + e⁻ᵘ)/2). Kwa kuwa cosh²u − sinh²u = 1, kipeuo kinakuwa 3 cosh u, na dx ni 3 cosh u du. Vinakatana. Inabaki ∫ du. Jibu ni sinh kinyume cha x/3, yaani arsinh(x/3) + C. Mistari miwili.

Sasa ongeza uzito kidogo: ∫ √(x² + 9) dx. Kwa tan unaangukia 9 ∫ sec³θ dθ, na huyo sec³ ndiye anayewatoa watu jasho chumba cha mtihani: unaintegreti kwa vipande, integrali ya mwanzo inarudi upande wa pili wa mlinganyo, unaihamisha, unagawanya kwa mbili. Inafika, lakini ni kama kutoka Sinza kwenda Posta kwa kupitia Mbagala. Kwa sinh unapata 9 ∫ cosh²u du, ambayo ni (9/2)(u + sinh u cosh u), na ukirudi:

(9/2) arsinh(x/3) + ½ x√(x² + 9) + C

Linganisha na jibu la √(9 − x²) hapo juu. Ni kama wamevaa sare, arcsin imeacha kiti na arsinh amekaa. Mwanafunzi akishaona sare hiyo, jibu moja linamkumbusha la pili.

Basi tan tuitupe? Hapana. Ondoa kipeuo, uweke ∫ dx/(x² + 9)². Kwa tan inakuwa (1/27) ∫ cos²θ dθ, kazi ya dakika mbili. Kwa sinh inakuwa (1/27) ∫ du/cosh³u, na hapo ndipo utakapojuta. Kwa hiyo mstari wangu chini ya ukurasa unasema hivi: x² + a² ikiwa ndani ya kipeuo, sinh, ikiwa wazi bila kipeuo, tan. Na ikiwa kipeuo kimepanda kipeo cha tatu chini ya sehemu, kama (x² + 9)^(3/2), zinakwenda sawasawa, chukua unayoipenda.

Kuna jambo la ratiba pia. Kuintegreti huwakuta wengi kidato cha tano, na sinh na cosh zinakuja baadaye. Aliye kidato cha tano atatumia tan kwa sababu hajui nyingine, na si aibu. Aibu ni kufika kidato cha sita, ukasoma sinh vizuri kama mada inayojitegemea, kisha usirudi nyuma kuitumia kwenye integrali zilizokutesa mwaka uliopita. Mada zinasomwa kama vituo vya daladala: ukishashuka, hugeuki kutazama ulikotoka.

Kwa √(x² − 9) ni sec dhidi ya cosh, na hoja ni zilezile, ila ongeza tahadhari ya alama. x = 3 cosh u haikubali x hasi, kwa sababu cosh haishuki chini ya 1. Mipaka ikiwa toka −5 hadi −4, geuza kwanza x kuwa −x, ndipo uendelee.

Silaha ya t: lini ni msaada, lini ni kuua mbu kwa shoka

Kuna kubadili kigeu kunakoitwa kwa jina la Weierstrass, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1815, ingawa Euler alikwisha kukutumia katika karne ya 18. Unaweka t = tan(x/2), na ghafla kila kitu cha sin na cos kinageuka sehemu ya kawaida ya t:

sin x = 2t/(1 + t²),  cos x = (1 − t²)/(1 + t²),  dx = 2 dt/(1 + t²)

Uzuri wake ni kwamba haichagui. Sehemu yoyote iliyoundwa kwa sin x na cos x kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, t itaigeuza kuwa kitu unachoweza kupasua. Ubaya wake ni huohuo: kwa kuwa haichagui, haioni urahisi ulio mbele yake.

Mpe ∫ dx/(5 + 4 cos x). Njia za ujanja hapa zinagonga mwamba. Ukizidisha juu na chini kwa 5 − 4 cos x, asili (ile ya chini ya sehemu) inakuwa 25 − 16 cos²x na hujasogea. Kwa t: 5 + 4 cos x inakuwa (9 + t²)/(1 + t²), zile 1 + t² zinakatana, inabaki ∫ 2 dt/(9 + t²). Jibu ni (2/3) arctan(t/3) + C, na t urudishe kuwa tan(x/2). Safi kabisa.

Mpe sasa ∫ dx/(1 + sin x). Kwa ujanja: zidisha juu na chini kwa 1 − sin x, asili inakuwa cos²x, unapata sec²x − sec x tan x, na zote mbili ni watoto unaowajua. Jibu tan x − sec x + C. Kwa t: ∫ 2 dt/(1 + t)², jibu −2/(1 + tan(x/2)) + C. Zinafanana kwa urefu, na zinatofautiana kwa 1 tu, kamuulize C. Mimi ningekwenda na ujanja, kwa sababu jibu linatoka kwa x yenyewe bila nusu pembe.

Na ukipewa ∫ cos x dx/(1 + sin²x), halafu ukatumia t, nitajua hukutazama. Mtoto yuko juu. u = sin x, arctan(sin x) + C, basi.

Mtego wa t ni huu, na nimeuona ukiwakamata hata wa mwaka wa kwanza chuo. Chukua ileile ya 5 + 4 cos x, mipaka 0 hadi 2π. Unabadili mipaka: x = 0 inatoa t = 0; x = 2π inatoa t = tan π = 0. Integrali toka 0 hadi 0 ni sifuri. Mwanafunzi anaandika 0, anapiga mstari mara mbili chini, anafungua ukurasa. Lakini 5 + 4 cos x haipungui 1 popote, kwa hiyo tunachointegreti ni chanya mwanzo hadi mwisho. Eneo haliwezi kuwa sifuri. Tatizo liko katikati: x inapopita π, tan(x/2) inalipuka kwenda mbinguni na kuibukia chini. Gawanya safari yako pale π, au tumia ulinganifu ufanye toka 0 hadi π kisha uzidishe kwa mbili. Toka 0 hadi π, t inakwenda toka 0 hadi isiyo na mwisho, arctan inafika π/2, unapata π/3. Mara mbili, 2π/3.

Kikokotoo cha mkononi (siyo kile cha mafao ya wastaafu) kingekwambia takriban 2.094, na sifuri yako ingejulikana mapema. Ila kikokotoo kiwe kwenye radiani. Kikiwa kwenye nyuzi, arctan 1 inakuletea 45 badala ya π/4, nawe unaandika eneo la 45 kwa kitu ambacho hakifiki hata 1.

Sec x, na ramani za mabaharia

∫ sec x dx ina kurasa tatu. Ujanja wa vitabuni: zidisha juu na chini kwa sec x + tan x, juu panageuka mtoto wa chini, jibu ln|sec x + tan x| + C. Kila anayeonyeshwa mara ya kwanza anauliza: "Sasa mtu angejuaje kuzidisha na hicho?" Swali la haki. Hangejua. Alikuwa na jibu tayari, ndipo akatafuta njia ya kurudi nalo.

Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Mwaka 1569 mchora ramani Mercator alitoa ramani ambayo nahodha akishika uelekeo mmoja wa dira, njia yake inachoreka kama mstari ulionyooka. Ili hilo litokee, ramani lazima ivutwe kwenda juu kadiri unavyoikimbia ikweta, na kiasi cha kuvuta kwenye latitudo θ ni sec θ. Umbali kwenye ramani toka ikweta ni jumla ya sec zote njiani, yaani integrali yake. Mwaka 1599 Mwingereza Edward Wright alichapisha jedwali alilolipata kwa kujumlisha sec vipande vidogovidogo kwa mkono. Miaka ya 1640 mwalimu wa ubaharia, Henry Bond, akagundua kwamba jedwali la Wright linafanana na jedwali jingine kabisa, la logi za tan ya (nyuzi 45 + θ/2). Jibu lilijulikana kabla ya sababu. James Gregory akalithibitisha mwaka 1668, na Isaac Barrow mwaka 1670 akaleta uthibitisho unaoeleweka zaidi.

Njia ya Barrow ndiyo ukurasa wa pili, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayechukia miujiza: andika sec x kama cos x/(1 − sin²x), weka u = sin x, pasua 1/(1 − u²) kuwa sehemu mbili, unapata ½ ln|(1 + sin x)/(1 − sin x)| + C. Hakuna cha kukariri. Kila hatua ungeweza kuifikiria mwenyewe. Ukurasa wa tatu, kwa t, unakupa ln|(1 + t)/(1 − t)|, ambayo ndiyo tan(45 + x/2) ya Bond ikiwa imevaa nguo nyingine.

Sisi wa Dar tuko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, ambako sec ni kama 1.007, kwa hiyo meli iliyotia nanga bandarini kwetu haivutwi hata asilimia moja kwenye ramani hiyo. London, nyuzi 51.5, inavutwa mara 1.6. Ukiona Ulaya inatamba ukutani darasani, kumbuka kwamba kuna integrali ya sec nyuma yake.

Vinyume vyenyewe: kwa vipande, au kwa mchoro?

Mpaka hapa arcsin na arctan zimekuwa majibu. Zikija kama maswali, ∫ arctan x dx kwa mfano, wengi wanaganda kwa sababu hawaoni cha kushika. Njia ya vipande inataka vitu viwili, na hapo kimeonekana kimoja. Cha pili ni 1. Diferenshieti arctan x, integreti 1:

x arctan x − ∫ x dx/(1 + x²) = x arctan x − ½ ln(1 + x²) + C

Kanuni ya kuchagua ni rahisi: logi na vinyume hupelekwa kudiferenshietiwa, kwa sababu watoto wao ni wa kawaida kuliko wazazi. Kinyume chake ni kujitafutia balaa.

Kwa maswali yenye mipaka kuna mchoro, nao naupenda kuliko vipande. ∫ arcsin x dx toka 0 hadi 1. Chora mstatili wa upana 1 na urefu π/2. Mkunjo wa y = arcsin x unaukata vipande viwili. Kipande kilichobaki upande wa mhimili wa y ni integrali ya sin y toka 0 hadi π/2, ambayo ni 1. Kwa hiyo unachotafuta ni π/2 − 1. Bila vipande, bila kipeuo. Kasoro yake: bila mipaka mchoro unakuacha njiani, na mtahini akiandika "tumia njia ya vipande", mchoro haukupi alama.

Moja la kujifurahisha, la arctan. Tangu shule ya msingi tumeambiwa pai ni 22/7. Integreti x⁴(1 − x)⁴/(1 + x²) toka 0 hadi 1. Gawanya kwa mgawanyo mrefu, unapata x⁶ − 4x⁵ + 5x⁴ − 4x² + 4 − 4/(1 + x²). Ya mwisho inaleta arctan, na arctan 1 inaleta π/4. Jumla yote ni 22/7 − π. Na kwa kuwa unachointegreti ni chanya, 22/7 ni kubwa kuliko pai. Binti wa PCM alipomaliza hili alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe walitudanganya kidogo tu."

Usome wapi na vipi

Naulizwa sana kama tuisheni ni bora kuliko diskasheni au kujifungia na video za simu. Mimi ndiye mwenye tuisheni, kwa hiyo pima maneno yangu ukijua nauza nini.

Video ni nzuri kwa kuiona njia mara ya kwanza, hasa sinh, ambayo walimu wengi huipitisha haraka. Zinakula bando na zina uongo mmoja: anayefundisha ameshachagua njia kabla hajawasha kamera. Hujawahi kumwona akianza vibaya, akafuta. Kwa hiyo tazama hadi anapoandika swali, simamisha, chagua wewe kwanza, ndipo umwache aendelee.

Tuisheni inakusaidia kukatwa kosa palepale, lakini watu arobaini kwenye chumba kimoja wanamwandikia mwalimu, hawaintegreti. Wanaotoka Kimara hushuka Shekilango na kumalizia kwa miguu kuja kwangu. Nikiwaona wamekuja kunakili ubao tu, nawaambia nauli hiyo wangenunulia kaunta buku.

Kwa mada hii mahsusi, diskasheni ya watu wawili au watatu inanishinda hata mimi. Mmoja ashike ukurasa wa kushoto, mwenzake wa kulia, swali moja, saa moja, kisha wabadilishane na kutafuta tofauti ya majibu yao ni namba tupu au ni kosa. Wanne ni wengi. Wa nne huwa ndiye anayekwenda kununua mihogo.

Aliye chuo tayari, na anapiga msuli kwa ajili ya sapu (mtihani wa kurudia), asirudi kwenye jedwali la fomula. Achukue maswali ishirini aliyoyakosa, ayachanganye kama karata ili asijue lipi limetoka mada gani, na kwa kila moja aandike mstari wa kwanza tu: u ni nini, au x ni 3 nini, au vipande vipi. Asimalize hata moja. Mistari ishirini ya kwanza, dakika thelathini. Kesho yake arudie na mingine.

Wale wawili wa barazani wamenirudia na swali lao wenyewe kwa ajili ya Jumamosi hii: ∫ dx/(x²√(9 − x²)). Binti ameweka x = 3 sin θ na amepata −√(9 − x²)/(9x). Kijana ameweka x = 1/u na anasema kipeuo kilibaki na mtoto wake nje. Safari hii majibu yao yamelingana hadi kwenye alama ya kutoa, na sasa wanagombania nani alitumia mistari michache.